Mzee Sammo na watoto wetu wa karate



Katika mkutano wa juma lililopita, tulipomaliza mambo ya likelemba, mama mmoja alibaki amekaa wakati wengine wanakunja vitenge vyao kwenda nyumbani. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa ambaye haachi kuruka na kupiga mateke tangu asubuhi. Mwalimu mmoja wa karate alimwona mtoto huyo, akampenda, na sasa anaomba amchukue akaishi kwake, katika mji mwingine, amfundishe kwa miaka kadhaa. Chakula na malazi ni juu yake. Baba wa mtoto amekwisha kukubali. Mama akatuuliza: nyinyi mngefanya nini?

Kila mmoja alijibu lake. Mmoja alisema hiyo ni bahati, sahani moja imepungua nyumbani na mtoto amepata kazi ya kesho. Mwingine alisema mtoto wa miaka tisa bado anashtuka usiku na kumwita mama yake. Hatukupatana. Ndipo mwenzetu mmoja akamtaja yule Mchina mnene wa filme za kung-fu, na tukaona afadhali safari hii tuwaandikie habari zake, kwa kuwa naye alitolewa nyumbani katika umri huohuo.

Anaitwa Sammo Hung. Hata kama jina ni geni kwenu, sura mnaijua. Ndiye yule mwenye tumbo kubwa anayeruka kama paka, na mara nyingi yuko pamoja na Jackie Chan. Vijana wetu wameziona filme zake kwenye nyumba za video hadi wanazijua kwa moyo. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1952, katika familia ya watu wa filme. Nkambo yake, mama wa baba yake, Chin Tsi-ang, alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza wa China kuonekana wakipigana kwenye filme. (Tulipenda kujua hilo. Watoto wetu wa kike pia walijue.)

Mwaka 1961 Sammo alipelekwa katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, akafungwa mkataba wa miaka saba. Shuleni pale watoto walifundishwa kuimba, kuruka, kupigana, na kusimama kwa mikono miguu ikiwa juu mpaka jasho lilowanishe sakafu. Fimbo ilikuwa kazini kila siku. Watoto walipoonyesha mchezo mbele ya watu, pesa ilikuwa ya mwalimu. Kusoma na kuandika kulikuwa kidogo sana, na Jackie Chan, aliyekuwa mdogo wake katika shule hiyo, amesema wazi kwamba kukosa elimu kulimuumiza hata alipokuwa tajiri.

Mambo ya ujana wake tunayaruka, vijana wenu watawasimulia vizuri kutushinda. Sisi tulichotaka kujua ni yanayokuja baadaye, mwili unapozeeka. Hayo watoto hawatuambii, kwa sababu katika filme zao hakuna anayezeeka.

Akiwa na miaka 46, mwaka 1998, alikwenda Marekani kucheza mchezo wa televizyo ulioitwa Martial Law. Alikuwa polisi wa Shanghai anayefanya kazi Los Angeles. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini mchezo ulidumu mpaka mwaka 2000, na ni mara chache sana Wamarekani walikuwa wamemweka mtu wa Asia mbele namna hiyo. Kisha akarudi kwao.

Kazi iliyomweka mezani tangu hapo ni kupanga mapigano. Mnapoona watu wawili wanapigana kwenye filme, msidhani wanafanya wanavyotaka. Kuna mtu nyuma aliyeamua mguu uende wapi, nani ainame, nani aanguke na aangukie bega gani ili asivunjike. Sammo alipanga mapigano ya filme Ip Man, ya mwaka 2008, ambamo Donnie Yen anacheza mwalimu wa kung-fu, na alipewa zawadi ya Hong Kong kwa kazi hiyo. Alipata zawadi hiyo tena kwa Ip Man 2, na mwaka 2018 akaipata kwa filme iitwayo Paradox. Wakati huo alikuwa amepita miaka 65.

Katika Ip Man 2 alicheza pia mwenyewe. Anaigiza mwalimu Hung, mtu mkali mwenye ugonjwa wa pumzi na watoto wengi nyumbani, ambaye mwishoni anapanda jukwaani kupigana na bondia Mwingereza na kufa kwa makonde. Basi, wakati filme hiyo inatengenezwa, moyo wake mwenyewe ulimsumbua, akapelekwa hospitali na waganga wakampasua. Alirudi kumaliza kazi. Tulipoyajua hayo tukaitazama tena sehemu ile ya jukwaani, na mama mmoja kati yetu alitoka nje, akasema hawezi.

Ila filme iliyotushika ni nyingine, na vijana hawaipendi kwa sababu ngumi zake ni chache. Ni The Bodyguard, ya mwaka 2016, aliyoiongoza mwenyewe baada ya miaka karibu ishirini bila kuongoza filme. Anacheza mzee aliyekuwa mlinzi wa wakubwa, sasa anaishi peke yake karibu na mpaka wa Urusi, na akili inaanza kusahau. Zamani aliachiwa mjukuu wake amwangalie, mjukuu akapotea. Binti yake hajamsamehe. Sasa kuna mtoto wa jirani anayeingia kwake kila siku, na mzee anasahau hata anachotaka kusema, lakini mtoto huyo hamsahau. Wakosoaji hawakuisifu sana. Sisi tuliona mtu anayejua mzee anavyoketi na anavyoinuka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo tumelizungumza mno. Mwaka 1988 Sammo alicheza katika filme Painted Faces, inayosimulia shule ileile. Yeye ndiye aliyemwigiza mwalimu Yu, mwenye fimbo, na alipata zawadi ya mwigizaji bora. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, waongozaji saba wa Hong Kong walitengeneza filme moja ya visa vifupi, Septet. Kisa cha Sammo kinarudi tena pale, kwa watoto wanaosimama kwa mikono. Safari hii aliyemwigiza mwalimu ni mtoto wake mwenyewe, Timmy.

Ni heshima, au ni kidonda? Mama mmoja alisema anayerudi mara mbili kwenye nyumba aliyopigiwa, basi kuna kitu alikiacha humo. Mwingine akasema hapana, ndivyo mtu anavyoshukuru. Sisi tunaona yote mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja, kama tulivyo wengi wetu kwa mama wakwe zetu.

Mwaka 2024 Hong Kong ilimpa zawadi ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 72, alitokea kama bwana mkubwa wa wahuni katika Twilight of the Warriors, na bado anapiga. Nje ya filme ameonekana akitembea na fimbo, na mara nyingine akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Magoti yaliyoruka tangu miaka tisa yamedai deni lao.

Mama yule alirudi kwetu Jumatano. Hakukataa wala hakukubali. Aliandika kwenye karatasi maswali ya kumpelekea mwalimu: mtoto ataingia masomo gani, na nani atalipa? Akiugua, nani atamlaza na nani atatupigia simu? Akishinda na pesa ikaingia, itakuwa ya nani? Naweza kuja kumwona bila kutoa habari? Akipigwa, atapigwa kwa nini?

Mwalimu amejibu mawili ya kwanza. Mengine ameomba ayafikirie, na mama amemwambia baba wa mtoto kwamba begi halifungwi mpaka majibu yafike.