Jembe la Jumamosi Halitoshi

Diwani mmoja wa hapa Bujumbura hupenda kutuambia kwamba adui wa mazingira ni sisi wakazi: tunatupa taka mitaroni, kisha tunalia mafuriko yakija. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Kila Jumamosi asubuhi tunazoa matope mtaroni na kuyarundika kando. Lori la kuyachukua haliji; mvua ya kwanza huyarudisha yote mle mle. Hapo mchafu ni nani?

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, maji yalishuka kutoka milimani, yakabomoa nyumba Kamenge na Kinama, yakaua zaidi ya watu 60. Mafuriko yale hayakuanzia kwenye mfuko wa plastiki wa mama muuza ndizi. Milima iliyo juu ya jiji imevuliwa miti, na mto Ntahangwa unazidi kumega kingo zake pamoja na viwanja vya watu. Kingo hizo hazijengwi kwa majembe ya Jumamosi. Zinataka mawe, wahandisi na bajeti.

Sisi tutafagia. Yeye aende akatusemee penye bajeti. Kura tulimpa kwa kazi hiyo, si kwa kutuhubiria ufagio.