Aliyekunywa Maziwa Alete Ngozi

Kijana alifika dirishani kabla sijazima injini. Alitaka pesa kwanza. Nikalipa, akabana kipande cha karatasi kwenye wipa, akakimbilia Noah iliyokuwa inaingia nyuma yangu. Ilikuwa siku ya mnada, katika mji mmoja wa nyanda zetu hizi ambao sitautaja. Eneo lile lilikuwa na uzio wa miti, geti la kamba na wakusanya ushuru wawili waliovaa vizibao. Nikajiambia: hapa pana watu, chombo kitakuwa salama.

Baada ya saa mbili nilirudi. Land Rover la marehemu baba halikuwa na tairi la akiba. Kioo cha pembeni upande wa dereva kilikuwa kimekatwa shingo. Mfuniko wa tanki la mafuta ulikuwa umeondoka. Na ubavuni, kuanzia mlango wa mbele mpaka nyuma kabisa, kulikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu, uliochimba rangi hadi bati likaonekana.

Nilimtafuta kijana. Hakukimbia wala hakubabaika. Alininyooshea kidole kwenye bango lililopigiliwa juu ya geti: MAGARI YANAEGESHWA KWA HATARI YA MWENYE GARI. Bango lile lilitazama ndani. Anayeingia halioni, hulisoma wakati wa kutoka, akiwa ameshalipa na ameshaibiwa.

"Mzee, sisi tunakusanya ushuru," akasema. "Hatulindi."

Hatulindi! Neno hilo nimelala nalo wiki nzima, na leo nalirudisha hadharani kwa sababu silikubali, na nataka kila mwenye gari kuanzia Katesh hadi Dongobesh alikatae pamoja nami. Anayechukua pesa yangu ili gari langu likae ndani ya uzio wake amepokea dhamana ya gari hilo. Asiyeitaka dhamana aiache na pesa.

Najua jibu la haraka wanalopewa watu kama mimi. Gari ni chuma tu. Mshukuru Mungu u mzima. Jibu hilo hutolewa na mtu asiyejua gari ni nini katika wilaya hizi za Mbulu na Hanang. Baba alilinunua Land Rover lile likiwa limeshazeeka, kwa pesa ya vitunguu saumu vya misimu mitatu na ya ng'ombe aliowauza mmoja mmoja, huku mama akinung'unika. Limepeleka wajawazito usiku Haydom, kwenye hospitali ya Walutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei miaka ya 1950, ambako mgonjwa wa Yaeda Chini na wa Basotu hukutana kwenye benchi moja. Limepanda mlima wa Magara enzi za tope, abiria wakiteremka kusukuma. Limebeba mbegu, mahari, mwalimu mpya na godoro lake, na siku ya mwisho likambeba baba mwenyewe akiwa ndani ya jeneza. Ukilikwaruza hilo umekwaruza nini? Chuma?

Na haliji lingine. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Land Rover ya mwisho ya umbo lile Januari 29, 2016. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, na magari yakafurika kutoka kila upande, wapo waliodhani ni anasa ya matajiri. Sisi wa huku tuliwatambua wazee wenzetu wa kazi.

Wala sisemi haya kwa ajili ya Land Rover peke yake. Muuguzi aliyenunua IST kwa mkopo wa miaka mitano ana wasiwasi uleule, tena yeye akiibiwa taa anaendelea kukatwa mshahara kwa ajili ya gari ambalo halimuliki. Wasiwasi huo una gharama ambayo hakuna anayeihesabu. Nimemwona mkulima akimwacha mwanawe wa darasa la tano ndani ya gari tangu asubuhi mpaka alasiri, siku ya shule, eti alinde. Nimewaona waumini wakigombea viti vya dirishani kanisani, si kwa ajili ya hewa. Nimewaona ndugu wa mgonjwa wakigawana zamu, mmoja wodini, mmoja kwenye gari, na yule wa kwenye gari ndiye aliyekuwa akitafutwa na daktari. Na wengi tumeshazoea kulipa mara mbili: ushuru kwa mwenye karatasi, kisha kitu kidogo kwa kijana mwingine wa pembeni ili atupie jicho. Huyo wa pembeni, asiye na kizibao wala risiti, ndiye pekee anayefanya kazi ya maegesho.

Mtu ataniuliza kuhusu bima. Wengi wetu tuna bima ndogo, ile ya lazima kisheria, inayomlipa mtu mwingine uliyemgonga. Hairudishi kioo chako wala tairi lako. Bima kubwa kwa gari lililozidi miaka thelathini, jaribu kuiomba uone sura ya wakala. Kwa hiyo hasara yote hubaki kwa mwenye gari, na kioo kilichong'olewa huanza safari yake ya sokoni. Dereva yeyote wa Dar es Salaam anajua kuwa kilichopotea usiku hutafutwa Gerezani asubuhi, na mara nyingine mtu hununua mali yake mwenyewe kwa fedha taslimu. Ndiyo maana tunachora namba za usajili kwenye vioo na taa. Tunayapiga magari chapa kama ng'ombe.

Na tukifika kwa ng'ombe tumefika nyumbani, kwa sababu jambo hili la kumwachia mwenzako mali yako halikuanza na magari. Wairaqw wanalijua, Wadatoga wanalijua. Mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani baadhi yao awafuge. Anayepokea anakunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake. Ng'ombe si wake. Akifa kwa ugonjwa au kwa fisi, mfugaji haji mikono mitupu na maneno. Analeta ngozi, mwenye mali aione kwa macho, aridhike kuwa hakuuzwa wala kuchinjwa kwa siri. Hakuna mzee wa Kainam wala wa Balangdalalu atakayekupokelea ng'ombe leo na kesho akuambie: maziwa nimekunywa, lakini fisi ni shauri lako. Angesema hivyo mara moja tu, na asingepewa tena hata ndama.

Wairaqw wa zamani walikwenda mbali zaidi. Walichimba nyumba zao ndani ya vilima, paa la udongo likawa sawasawa na mteremko, na mifugo ikalala humo pamoja na watu, ili mvamizi apite juu bila kujua amekanyaga zizi. Watu waliofanya kazi ngumu kiasi hicho kwa ajili ya mali yao leo wanaambiwa na wajukuu zao kwamba kulinda hakumo kwenye bei.

Ushuru wa maegesho ni maziwa. Aliyeyanywa alete ngozi.

Wanasheria watanikatiza hapa, na wana hoja. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama ambavyo mtu makini angeitunza mali yake mwenyewe. Lakini wakili wa mwenye maegesho atauliza: ulikabidhi nini? Funguo ulizitia mfukoni, gari ukalifunga, ukaondoka. Hukukabidhi gari, ulikodi kipande cha ardhi. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la mtu aliyeegesha gari Southend, mji wa pwani, akalipa shilingi moja na kupewa tiketi. Mhudumu akamruhusu mgeni asiye na tiketi aondoke na gari lile. Mwenye gari alishindwa. Mahakama ilisema alichonunua kwa shilingi yake ni ruhusa ya kuweka gari pale, basi.

Uamuzi huo umezaa mabango mengi. Hata hivyo Waingereza haohao hawakuishia hapo. Mwaka 1970, katika shauri la Thornton dhidi ya kampuni ya maegesho ya Shoe Lane, London, mtu aliumia alipokwenda kuchukua gari lake, na kampuni ikajificha nyuma ya masharti yaliyobandikwa ndani ya jengo. Mahakama iliyakataa: sharti la kujivua dhima halimfungi mteja aliyelikuta baada ya kuingia na kupokea tiketi, bila kuonyeshwa kabla. Nililisoma shauri hilo nikalikumbuka lile bango letu la bati, lililogeuziwa uso ndani.

Lakini kwa nini mwenye gari wa Hanang asubiri busara ya majaji wa London, au aajiri wakili kwa ajili ya kioo kimoja? Gharama ya kesi inazidi kioo, na waliopigilia bango wanalijua hilo vizuri. Wanategemea kwamba hasara ya mtu mmoja mmoja ni ndogo mno kufika mahakamani. Mia moja tukiibiwa, tunanung'unika mara mia, kila mtu peke yake kwenye geti lake.

Kuna jambo jingine linalonichoma. Tangu 2021 katika miji kadhaa ya nchi hii ushuru wa maegesho ya barabarani unatozwa kwa mfumo wa kielektroniki. Mkusanyaji anaingiza namba ya gari kwenye mashine, deni linasajiliwa, na usipolipa linakufuata popote uendako. Sipingi. Barabara hujengwa kwa pesa. Lakini tazama uwezo uliomo ndani ya mashine ile: inajua gari gani, lilikuwa wapi, siku gani, saa ngapi. Ukidaiwa mia tano, gari lako linajulikana mpaka kivuli chake. Ukiibiwa tairi la laki kadhaa, ghafla hakuna aliyekuona ukiingia. Namba inayotosha kunidai inatosha pia kunithibitishia kwamba nilikuwepo.

Nitakuwa mkweli kuhusu tofauti moja. Anayeegesha kando ya barabara hana haki ya kudai mlinzi. Pale analipia nafasi ya barabara, na akiibiwa aende polisi kama aliyeibiwa dukani. Hasira yangu ni kwa maeneo yaliyozungushiwa uzio na kuwekwa geti na watu. Geti ni ahadi. Ukimwonyesha mtu uzio, kizibao na tiketi, umemwambia bila kufungua mdomo kwamba hapa pana ulinzi, na yeye ameamini na kukupa pesa kwa sababu ya imani hiyo. Kama ni ardhi tupu tu, ng'oa uzio, fungua geti, andika BURE, nami nitaegesha huku nikijua.

Wazabuni watalia kwamba ushuru ni mdogo na mlinzi wa kweli anataka mshahara. Basi pandisheni. Nasema kwa niaba yangu na ya madereva niliozungumza nao: tuko tayari kulipa zaidi kwa mahali panapolindwa. Tunachokataa ni kulipia picha ya ulinzi. Na yule kijana wa bango simlaumu sana. Amewekwa pale tangu alfajiri kwa hesabu moja tu, ya kiasi atakachopeleka jioni. Hakuna aliyemwambia ahesabu matairi. Kosa ni la aliyeandika mkataba wa eneo lile na kukumbuka mapato, akasahau magari.

Kwa hiyo nawageukia waheshimiwa madiwani, wa Mbulu Mji, wa Mbulu Wilaya na wa Hanang. Mikataba ya ushuru hupita mikononi mwenu, na sheria ndogo ni zenu. Kabla zabuni yoyote ya maegesho haijapewa mtu, andikeni ndani yake kwamba mzabuni ataweka taa na mlinzi anayejulikana kwa jina, kwamba risiti itabeba namba ya gari na saa ya kuingia, kwamba hakuna gari litakalotoka bila risiti hiyo kurudishwa getini, na kwamba kitakachopotea ndani ya uzio wake atakilipa yeye. Amana aliyoiweka kwenu ianze kukatwa hapo. Chagueni na uwanja wenyewe kwa akili; maegesho yasitupwe palipobaki baada ya kila mtu kugawiwa. Baada ya Desemba 3, 2023, tope na mawe ya Mlima Hanang yalipoingia Katesh, Gendabi na Jorodom na kuua watu zaidi ya 80, hakuna mwenye haki ya kumpangia mwenzake mahali mdomoni mwa korongo na kumwambia hatari ni yake.

Nawe uliye na gari, liwe Land Rover la urithi au Probox la biashara, usisubiri madiwani wakutane. Mara ijayo kijana akija dirishani na karatasi, usitoe pesa kwanza. Muulize: nani analinda hapa? Akikutajia mtu, lipa, na chukua risiti yenye namba ya gari lako. Akikujibu "hatulindi", washa gari, geuza, ondoka na pesa yako.