Breki Zinapolia Asubuhi ya Mvua



Msomaji wetu wa Ilula, mkoani Iringa, ametuandikia kuhusu gari la familia yake. Tangu mvua zianze, kila alfajiri anapotaka kwenda msikitini magurudumu ya nyuma hugoma, kisha huachia kwa kishindo; na anapokanyaga breki mara ya kwanza husikia mkwaruzo. Fundi mmoja amemtaka abadilishe breki za magurudumu yote manne. Mwingine amemwambia asijali, ni maji tu. Wote wawili wamesema hayo bila kufungua hata gurudumu moja.

Diski na ngoma za breki ni chuma kisichopakwa rangi pale pedi zinapogusa. Gari likilala nje kwenye mvua au ukungu wa nyanda za juu, usiku mmoja hutosha kuota kutu nyembamba, na asubuhi pedi huikwangua. Ikiwa sauti inapotea baada ya kukanyaga breki mara nne au tano, hapana cha kununua.

Kugoma kwa magurudumu ya nyuma mara nyingi hutokana na breki ya mkono. Ikivutwa gari likiwa limelowa, viatu vya breki hubanwa kwenye ngoma usiku kucha, na kutu huvigandisha. Kishindo kile ni vya kuachana. Mahali tambarare, aliache gari kwenye gia, aweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na breki ya mkono asiivute. Hatua za mwisho kabla ya kufika nyumbani akanyage breki kidogo kidogo ili zikauke.

Mlio usiokoma ni jambo jingine kabisa. Chuma kikisagana na chuma, pedi zimekwisha. Gari likivutwa upande mmoja unapofunga breki, huenda pini za kalipa zimeshikwa na kutu, au na ule udongo mwekundu wa njia za mashambani. (Dereva hukaa kulia, hivyo mlio wa gurudumu la kushoto mara nyingi mke ndiye huusikia kwanza. Asikilizwe.)

Kipimo cha hakika hakihitaji chombo. Endesha kilomita chache ukitumia breki kidogo sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Linganisha la kushoto na la kulia, kwani ya mbele kwa kawaida huwa na joto kuliko ya nyuma. Moja likiwaka joto huku mwenzake limepoa, au likitoa harufu ya kuungua, breki yake haiachii. Hapo ndipo aende kwa fundi, amwambie ni gurudumu lipi, na alifungue mbele ya macho yake.

Kwa mkazi wa Ilula jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa safari ya Morogoro humpitisha Mlima Kitonga. Breki isiyoachia hufika kileleni ikiwa tayari imechemka. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita: ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishaingia maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hufanya mapovu, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Ndiyo maana hubadilishwa takriban kila miaka miwili, na ndiyo maana mlima huteremkwa kwa gia nzito tangu juu kabisa. Dua ya safari tunaisoma sote tunapopanda. Lakini roho za watoto na wageni waliopanda nasi ni amana, na mwenye usukani ndiye aliyeipokea.

Basi ndugu yetu akitoka Ilula na familia asimame kabla mteremko haujaanza, azunguke gari na kiganja chake. Akikuta gurudumu moja lina moto kuliko mwenzake, asilimwagie maji. Awashushe watu wake, awapandishe basi, na gari alirudishe polepole kwa fundi.