Wazi Katika Nini?

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kuibeba topolojia kwa uhaba wa istilahi. Dai hilo ni potofu. Maneno yapo, ila hutumiwa yakiwa yamekatwa mkia.

Seti ndogo hurithi topolojia ya seti kuu kwa njia hii: sehemu ya kila seti wazi inayoangukia ndani ya seti ndogo huhesabiwa kuwa wazi humo. Nambari halisi kuanzia 0 hadi kabla ya 1 si seti wazi katika mstari mzima wa nambari, kwa kuwa 0 ina majirani kushoto walioachwa nje. Lakini katika seti ya kuanzia 0 hadi 2, nambari zizo hizo ni seti wazi, maana kushoto kwa 0 humo hamna kitu. Basi mwandishi asemaye "seti wazi" bila kutaja wazi katika nini, amesema nusu tu. Tena "wazi" na "funge" hapa si hali za mlango: seti kuu yenyewe ni wazi na funge kwa pamoja.

Kwa hiyo kamusi za hisabati ziorodheshe "wazi katika" kuwa istilahi moja, wala si "wazi" pekee.