Waya za spika hubadilishwa, sikio halina fundi

Na DAKTARI WETU

Ndugu msomaji, je, umewahi kushuka kutoka kwenye boti ya matembezi huku masikio yako yakivuma kana kwamba kuna nyuki ndani yake? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, basi makala ya leo yanakuhusu.

Hivi karibuni alikuja kuniona kijana mmoja anayeendesha boti ya watalii huko Manda, Lamu. Alikuwa na jeraha la moto lililozunguka kifundo cha mkono wake mfano wa bangili. Alinieleza kwamba alikuwa akibadilisha waya za spika za boti, zile zinazofungwa juu kwenye fremu ya chuma, kwa sababu waya za zamani zilikuwa zimeliwa na chumvi. Spana aliyoishika iligusa ncha moja ya betri, na mkanda wa chuma wa saa yake ukagusa ncha ya pili. Kufumba na kufumbua, ule mkanda ukawa mwekundu kama kaa la moto.

Nilimsafisha jeraha na kumfunga bendeji. Hata hivyo, kilichonitia wasiwasi zaidi hakikuwa mkono. Kila nilipomuuliza jambo aliinamisha kichwa na kusema, "Naam, dakta?" Nilipompa mgongo ili ninawe mikono, nikamuuliza swali jingine, hakujibu kabisa. Kijana huyu hajatimiza miaka 30.

Baada ya majuma matatu mkono ulikuwa umepona. Vipimo vya masikio, kwa upande mwingine, vilionyesha kwamba sehemu ya usikivu wake imepotea, na hiyo hairudi tena.

Yafaa tuelewe spika hizi zilitoka wapi. Zilibuniwa kwa ajili ya boti zinazomvuta mtu anayeteleza juu ya maji kwa ubao. Mtu huyo huwa nyuma ya boti, yapata mita 20, na alitaka kusikia muziki ukiishinda sauti ya mashini. Ndiyo maana spika hizo zikafanywa kuwa na nguvu nyingi, zikainuliwa juu na kuelekezwa nyuma. Huku kwetu tumezichukua na kuzigeuza zitazame ndani, ambako abiria wamekaa chini yake mita 2 tu. Umbali unapopungua mara 10, nguvu ya sauti inayofika sikioni huongezeka mara 100. Yaani tunampigia mtu aliye karibu muziki uliokusudiwa mtu wa mbali.

Sasa tuangalie sikio lenyewe. Ndani kabisa kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono, na ndani yake mna seli zenye vinyweleo vinavyoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza mpunga shambani. Ukipumzika, huinuka tena. Ndiyo sababu masikio huvuma usiku na kutulia asubuhi, nawe ukadhani mambo yamekwisha. Lakini vikilazwa kila siku, seli hufa, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena.

Kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba za herufi kama s, f na sh. Mgonjwa husikia kwamba unasema, ila hajui unasema nini. Kwake yeye "fika", "shika" na "pika" ni neno moja. Watu wa nyumbani humwona mkaidi, kumbe maskini hasikii.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa muda wa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua nusu. Zikifika 94 umebakiwa na saa moja, na zikifika 100, dakika 15 pekee. Safari ya kutazama jua likitua katika mkondo ulio kati ya Lamu na Manda huweza kuchukua saa mbili au tatu. Mtalii ataifanya mara moja, kisha arudi kwao. Nahodha na mabaharia wake wataifanya tena kesho na kesho kutwa, msimu mzima.

Huna haja ya chombo ili upime. Ikiwa inakubidi upige kelele ndipo akusikie mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja, jua kwamba mpaka wa usalama umekwisha kuvukwa.

Isitoshe, sikio la nahodha si lake peke yake. Kwa sikio hilo husikia honi ya boti inayotoka kwenye gati la uwanja wa ndege wa Manda na mashini inayoanza kukohoa. Kwa sikio hilo hilo husikia mtoto aliyeteleza akaanguka majini akiita. Tunadai maboya ya kujiokolea kwa kila abiria, na tunafanya vyema. Mbona basi hatudai nahodha anayesikia?

Najua nitakavyojibiwa. "Daktari, muziki ndio unaoleta wateja, na wateja ndio chakula cha watoto." Jambo hilo ni kweli, wala sisemi boti ziwe kimya kama msikiti usiku wa manane. Ninachosema ni kwamba siku ya kubadilisha waya ndiyo siku ya kurekebisha makosa. Spika kubwa za juu zielekezwe nyuma, mbali na vichwa vya watu, au ziondolewe kabisa. Mahali pake ziwekwe ndogo kadha, chini, karibu na viti, zikipigwa kwa sauti ya wastani. Kila mtu atasikia muziki, na bado ataweza kuzungumza na jirani yake. Swichi ya kuzima muziki iwe mahali ambapo mkono wa nahodha unafika bila kuinuka.

Kuhusu waya zenyewe, watu huidharau betri ya volti 12 kwa kuwa haimrushi mtu kama umeme wa nyumbani. Dharau hiyo ndiyo iliyomuunguza mgonjwa wangu. Kabla ya kuanza kazi, vua saa, pete na bangili, halafu fungua kwanza ncha hasi ya betri. Tumia waya nene ya shaba iliyopakwa bati, maana shaba tupu huliwa upesi na chumvi. Weka fyuzi karibu sana na betri ili waya ikigusana umeme ukatike kabla ya moto kuanza. Kumbuka pia kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama ndani ya ngama. Pitisha hewa kwanza. Cheche moja yatosha.

Serikali yetu ilitoa kanuni za kuzuia kelele makazini mwaka 2005, na nyingine za mazingira mwaka 2009. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza kwamba mahali pa burudani muziki usizidi wastani wa desibeli 100, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzishia masikio. Je, juu ya boti sehemu hiyo iko wapi, kama si baharini?

Lakini kanuni hazitapanda botini pamoja nawe. Wewe msomaji wa Nairobi au Mombasa, ambaye labda utakwenda Lamu likizoni, ndiwe mteja. Mwambie nahodha kwa heshima, "Kaka, hebu punguza kidogo." Nina hakika atapunguza, na huenda akashukuru moyoni, kwani aghalabu sauti huongezwa kwa kudhaniwa kwamba mgeni ndivyo anavyotaka. Watoto wakalishe mbali na spika. Ukiwa ndiwe mfanyakazi wa boti, tumia vizibo vya sponji vya masikioni. Pamba haisaidii sana.

Ikiwa masikio yako yanavuma kwa zaidi ya siku moja, au sikio moja limeziba ghafula, nenda hospitalini upesi, kabla siku tatu hazijapita. Usimimine mafuta ya nazi wala dawa ya kuambiwa na jirani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yule kijana wa Manda alirudi juzi kunionyesha mkono wake. Alisema amezishusha spika na kuzielekeza nyuma, na amefunga fyuzi. Nilimpongeza. Ilinibidi nirudie pongezi hizo mara mbili ndipo akazisikia.