Redio Mbovu Darasani

Twashangaa kuona redio mbovu imefungiwa ghalani, huku mwalimu akichora saketi ubaoni. Ifunguliwe mbele ya wanafunzi! Mara nyingi hitilafu ni ndogo: kutu kwenye springi za betri, au waya wa spika uliokatika. Toeni betri, tenganisheni spika, kisha gusisheni nyaya zake mbili, kwa punde tu, kwenye betri moja ya volti 1.5. Ikilia “tak”, spika ni nzima. Wanafunzi na watafute kwingine. Redio ya umeme wa ukutani isifunguliwe kamwe, hata ikichomolewa, kwani kapasita huhifadhi chaji.

Wengi wetu twaogopa kushindwa mbele ya watoto. Sisi tulishindwa, aliyeuona waya uliokatika ni mtoto wa darasa la tano.