Zimwi la kisiwani na vita vya maktaba Marekani

KATIKA kisiwa cha kubuni karibu na pwani ya jimbo la Maine, Marekani, wasichana wa shule ya bweni wamewekwa karantini kwa miezi 18. Maradhi ya ajabu yameharibu miili yao: mmoja jicho limeziba, mwingine ameota uti wa mgongo wa pili, wa tatu mkono umejaa magamba. Wanajeshi wa majini huwaletea chakula na kuwaambia wangoje tiba. Hiyo ndiyo riwaya ya Wilder Girls yake Rory Power, iliyotoka Julai 2019, miezi michache kabla ya ulimwengu wenyewe kufungiwa na Covid-19.

Anayesimulia sehemu kubwa ni Hetty, msichana anayempenda msichana mwenzake. Jambo hilo halifanywi kioja kitabuni. Cha kuogofya ni watu wazima wanaojua ukweli na kuuficha.

Mwaka mmoja awali, Claire Legrand alikuwa amechapisha Sawkill Girls, kuhusu kisiwa cha matajiri ambako wasichana hutoweka kizazi baada ya kizazi na wakazi hunyamaza. Humo pia wasichana wawili wanapendana, na mmoja wao ametoka katika ukoo unaomtumikia zimwi.

Mandhari ya pwani hayakuchaguliwa kwa bahati tu. Mji mdogo wa ufuoni hutegemea bahari na wageni, na sifa yake ikiharibika, riziki hukatika. Waliotazama filamu ya Jaws ya 1975 watamkumbuka meya aliyekataa kufunga ufuo huku papa akiua watu. Zamani zaidi, mnamo 1936, H.P. Lovecraft alichapisha hadithi ya bandari ya Innsmouth ambayo wakazi wake wamechanganya damu na viumbe wa baharini. Kwake, aliye tofauti ndiye kitisho. Waandishi wa leo wamepindua mambo: mwenye magamba ndiye shujaa.

Riwaya za aina hii zimestawi wakati ambapo vitabu vya vijana vinaondolewa katika shule za Marekani kwa wingi. Shirika la kutetea waandishi, PEN America, lilihesabu visa 10,046 vya vitabu kupigwa marufuku shuleni katika mwaka wa masomo wa 2023-2024. Mwaka uliofuata vilikuwa 6,870. Florida, jimbo lililozungukwa na bahari pande tatu, liliongoza. Vitabu vyenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja ni miongoni mwa vinavyolengwa zaidi.

Wanaopinga vitabu hivyo si watu wa kupuuzwa. Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaunga mkono, kwa majaji sita dhidi ya watatu, wazazi Waislamu na Wakristo wa Maryland waliotaka watoto wao waruhusiwe kutoka darasani hadithi kama hizo zinaposomwa. Mzazi ana haki ya kumlea mwanawe kwa imani yake. Lakini kumtoa mtoto wako darasani ni jambo moja, na kukiondoa kitabu rafuni ili mtoto wa jirani pia asikione ni jambo jingine kabisa.

Mpaka huo unazidi kufifia. Mei 2025, mahakama ya rufaa iliamua, katika kesi ya kaunti ya Llano, Texas, kuhusu vitabu 17, kwamba wasomaji hawawezi kutumia katiba kupinga maktaba ya umma kuondoa vitabu. Desemba mwaka huo, Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo. Uamuzi huo unatawala Texas, Louisiana na Mississippi, yote majimbo ya pwani ya Ghuba ya Mexico.

Mkenya hahitaji kuvuka bahari kuushuhudia mvutano huu. Mnamo 2018 bodi inayosimamia filamu nchini iliharamisha Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana jijini Nairobi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliondoa marufuku kwa siku saba, na kumbi zikafurika. Ruhusa hiyo ilikuwa ya watu wazima pekee. Vijana wa rika la Hetty walibaki nje ya mlango.